Baraza ya Nyumbani: Hesabu ya Kibaba



Miezi michache iliyopita tuliletewa barua na kijana mmoja wa Mombasa, aliyeoa yapata miaka miwili na ambaye Mwenyezi Mungu amemruzuku mtoto mmoja. Alieleza kwamba kila ifikapo tarehe 20 mshahara wake huwa umekwisha, na kwamba amechoka kumwonya mkewe aache israfu. Mwisho wa barua aliuliza kama ni vibaya kumrudisha mke kwa wazee wake kwa muda, mpaka ajue thamani ya fedha.

Swali la namna hii halifai kujibiwa kwa mistari miwili. Suratin-Nisaa imetufunza kwamba mume na mke wakihofiwa kufarikiana watafutwe waamuzi wawili, mmoja wa huku na mmoja wa huku. Basi tuliwaita wote wawili, akaja na mjomba wake mke, nami nikakaa mahali pa mzee wa mume. Tuliwataka walete kitu kimoja tu, nacho ni daftari la deni la dukani.

Wasomaji wengi wanalijua daftari hilo. Hukaa chini ya meza ya mwenye duka, jalada limelowa mafuta, na kila nyumba ina ukurasa wake. Qur'ani yenyewe, katika aya iliyo ndefu kuliko zote, imetuamrisha kuandika deni. Wala haimwambii mwenye kuandika kwamba anamfedhehesha mwenziwe. Lakini kijana wetu hakuwa amepata kulifungua hata siku moja. Alikuwa akiulizia jumla tu, akilipa sehemu, akirudi nyumbani na hasira.

Tulilisoma ukurasa kwa ukurasa. Mafuta ya kupima ya shilingi 20, asubuhi na jioni. Sukari robo kilo. Makaa kopo moja, shilingi 80, kila siku iliyoletwa na Mungu. Hapakuwa na biskuti za kopo wala soda. Mjomba alivua miwani akasema, “Mwanangu, hiyo israfu iko wapi?” Na yule binti akajibu kwa sauti ya chini, “Sheikh, kanga yangu ya mwisho nilinunuliwa na mama.”

Hapo tuliomba karatasi. Kipimo cha mafuta cha shilingi 20 kina sehemu ya ishirini ya lita, maana yake lita moja huwatoka kwa shilingi 400. Na duka lile lile huuza chupa ya lita kwa 300. Wao hutumia lita tatu kwa mwezi, basi hupoteza 300. Robo ya sukari ni 45, kilo nzima ni 160. Kwa kilo nne hupoteza 80. Makaa ndiyo mabaya zaidi: kwa makopo huwatoka 2,400 kwa mwezi, ilhali gunia zima, lenye kutosha mwezi na zaidi kidogo, ni 1,800. Yule aliye nacho hununua rahisi, na yule asiye nacho hununua ghali. Si mwenye duka aliyedhulumu, kwani vipimo vyake tulivijaribu tukaviona vimetimia, na wanaopunja wana onyo lao katika Suratil-Mutaffifin. Wazee wetu walipima kwa kibaba pia, na vibaba vinne vilikuwa pishi moja, ile ile tunayoikumbuka kila mwaka kwa fitri; lakini mwenye nyumba alijitahidi kuleta pishi, na kibaba kilikuwa cha kutolea jikoni. Leo kibaba kimehamia dukani.

Nikamwuliza kijana kwa nini hanunui gunia siku ya mshahara. Alinyamaza kwa muda, akatoa simu. Kumbe kila tarehe 20 alikuwa akikopa shilingi 2,000 katika simu, na siku ya mshahara hukatwa 2,150. Mikopo hii ilianza kuenea Kenya tangu mwaka 2012, na ile ziada ya asilimia 7.5 huitwa ada. Mimi naona jina halibadili kitu, na asilimia 7.5 kila mwezi ni 90 kwa mwaka. Mkewe alikuwa hana khabari.

Naye mke alikuwa na siri yake. Zile shilingi 200 zilizokuwa zikipotea kila wiki, ambazo mume alizifanya ushahidi wa israfu, zilikwenda katika mchezo wa wanawake kumi wa mtaani. Na zamu yake ya kupokea 2,000 ilikuwa Ijumaa ile ile. Alificha kwa kuchelea zisije zikaombwa kabla ya kufika. Sitasema ni nani kati yao aliyekosa zaidi, ingawa ninalo langu moyoni.

Msomaji asidhani kwamba shida yote ya mjini ni ya watu kutojua hesabu. Mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo 2 ilipita shilingi 200, na mwaka 2023 kodi juu ya mafuta ya petroli ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Hayo hayatengenezwi jikoni. Wala maji. Mombasa hunywa maji ya mbali, kutoka Marere, Mzima, Baricho na Tiwi, na mfereji ukikauka, mtungi wa lita 20 hununuliwa kwa mwenye mkokoteni kwa bei anayoitaka yeye. Kwa hilo tuliwashauri watafute pipa tu, walijaze usiku maji yanapotoka. Nilitaja na gesi, lakini binti aliniuliza fedha za kununulia mtungi wa kwanza zitatoka wapi, nami sikuwa na jawabu.

Fedha za mchezo zilinunua gunia la makaa. Kwa kuwa mwezi ule hawakununua kopo, kijana hakukopa tena katika simu, na bado zikabaki 400, zikapelekwa dukani. Mwezi wa pili ilinunuliwa na chupa ya mafuta na sukari kwa kilo. Alichokuwa akipoteza katika makaa, mafuta, sukari na ada kilikuwa shilingi 1,130 kwa mwezi, nacho chote sasa huenda katika daftari. Mwenye duka alitakiwa subira, naye akaitoa bila ya kuongeza hata senti. Mungu amlipe, kwani kumpa muda mwenye dhiki ni jambo liliyoamrishwa, na wengi hulisahau.

Juzi walipita hapa pamoja na mtoto. Deni lilikuwa 3,480, nalo limebaki 820. Kijana sasa husoma daftari mwenyewe kila Alkhamisi, na mkewe amelalamika kwamba amekuwa akiuliza hata khabari ya chumvi. Nimemwambia avumilie mwezi mmoja zaidi.