Kuuza Nyumba na Kununua Kubwa: Hesabu Isiyotajwa

Siku hizi imezuka desturi miongoni mwetu, nasi hatuwezi kuinyamazia. Mtu ana nyumba yake njema, imara, yenye hati na isiyo na deni. Mvua ikinyesha, yeye na watoto wake wamelala pakavu. Kisha huja rafiki, au dalali, au mtoto wake akaaye mjini, akamwambia: Nyumba hii haimfai mtu wa heshima kama wewe; iuze, ongeza fedha kidogo, ununue iliyo kubwa. Neno hilo “ongeza kidogo” ndilo tulipingalo leo. Twasema wazi ya kuwa si kweli, na ya kuwa latia watu wazima katika utumwa wa madeni.

Kwanza na tutazame hesabu, maana mambo ya fedha hayajibiwi kwa maneno matupu. Tuchukue mfano wa mtu wa Tanzania aliyepata nyumba yake katika mji mdogo kwa shilingi 40,000,000, tukihesabu kiwanja, ujenzi na gharama zote za mauzo ambazo sheria huzikubali. Sasa aiuza kwa 70,000,000, naye ameona nyingine ya 100,000,000. Hutoa bei moja katika bei nyingine, akasema: Nimepungukiwa na 30,000,000 tu. Hapo ndipo amejidanganya, kwa kuwa kati ya nyumba ile na hii wamesimama watu wengi, na kila mmoja adai haki yake.

Wa kwanza ni dalali. Akipatana naye 5 kwa mia ya bei, atampa 3,500,000. Wa pili ni Mamlaka ya Mapato. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mkazi wa nchi aliyeuza nyumba hutozwa 10 kwa mia ya faida aliyoipata. Sheria humsamehe mtu aliyeimiliki nyumba yake ya kuishi na kukaa humo kwa muda uliowekwa, iwapo faida haikupita 15,000,000. Lakini faida ya mtu wetu ni 30,000,000, basi atalipa 3,000,000. Wala Msajili wa Hati hataandika jina la mwenye nyumba mpya mpaka aone cheti cha kodi hiyo. Wa tatu ni ushuru wa stempu juu ya nyumba anunuayo, yapata 1 kwa mia, maana yake 1,000,000. Wa nne ni wakili; na tuseme amepatana naye kwa 2,000,000. Wa tano ni wenye lori na wachukuzi, fundi wa rangi, na makufuli mapya. Kwa hao tumwekee 1,000,000. Ada za kuthamini na kuandikisha hatukuzitia hata kidogo.

Jumlisha sasa. Utaona shilingi 10,500,000, nazo hazikununua tofali moja wala bati moja. Upungufu uliokuwa 30,000,000 umekuwa 40,500,000. Akiazima zote benki kwa riba ya 15 kwa mia kwa mwaka, riba peke yake katika mwaka wa kwanza yakaribia 6,000,000, yaani kama 500,000 kila mwezi. Jana mtu huyu hakudaiwa na mtu. Leo kila mwisho wa mwezi moyo wake wadunda, na karo ya mtoto yangoja mpaka benki ishibe kwanza.

Na kama nyumba ya kwanza imeuzwa kabla ya ile ya pili kuwa tayari, itambidi apange kwa muda. Wenye nyumba wengi wa mjini hutaka kodi ya miezi 6 kwa mara moja. Hizo nazo zatoka katika mfuko ule ule.

Tena nyumba kubwa ina tumbo kubwa. Madirisha mengi yataka nondo na mapazia mengi. Paa pana lina mabati mengi ya kubadilishwa. Viti vilivyotosha sebule ya kwanza vyaonekana kama vya watoto katika sebule ya pili, basi vyanunuliwa vingine kwa mkopo mwingine. Hayo yote dalali hakuyataja, naye hakosi sababu: yeye hulipwa siku ya mauzo, akaenda zake.

Twajua watakavyotujibu. Watasema, Nyumba kubwa hupanda bei. Huenda ikapanda, lakini bei iliyopanda hailiwi mpaka nyumba iuzwe, na siku itakapouzwa wote wale watasimama tena njiani: dalali, kodi, wakili na lori. Watasema tena, Jamaa imeongezeka. Hilo ni neno la haki. Lakini kama uwanja wa nyuma ungalipo, kwa nini usiongeze vyumba viwili uani? Zile 10,500,000 zinazopotea njiani zingenunua matofali, saruji na mabati, na fundi angejenga kidogo kidogo kadiri ya mavuno na mshahara, pasipo riba. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Liko jambo jingine lililo zito kuliko fedha. Wako wanaume wapatanao na dalali barazani, na mke hupata habari siku mnunuzi ajapo kupima vyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenzake. Hata isingekuwako sheria hiyo, je, Mkristo aliyeahidi mbele ya madhabahu kuwa mwili mmoja na mkewe angewezaje kuuza dari iliyo juu ya kichwa chake kwa siri? Mke ndiye ajuaye maji hutoka wapi, jirani yupi humtazama mtoto mgonjwa, na deni gani la dukani halijalipwa. Ushauri wake ni sehemu ya hesabu.

Someni tena habari za Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Ahabu alimwahidi shamba la mizabibu lililo bora kuliko lake, au thamani yake kwa fedha; naye alikataa, kwa sababu ule ulikuwa urithi wa baba zake. Na aliyetamani alikuwa nani? Alikuwa mtu mwenye jumba la kifalme tayari. Basi tamaa haiponywi kwa ukubwa wa nyumba.

Hatusemi ya kwamba kuuza nyumba ni dhambi. Yuko ahamishwaye kazi, yuko ambaye mto wamfikia mlangoni kila masika, yuko mjane asiyeweza tena kutunza nyumba kubwa. Hao na wauze kwa amani. Tunampinga yule auzaye kwa kuwa jirani amejenga ghorofa.

Bwana wetu alifundisha ya kuwa atakaye kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama. Ketini basi, ninyi mnaoshawishiwa. Mwiteni mke na watoto wakubwa, twaeni karatasi, andikeni kila mkono utakaolipwa na kila mwezi utakaodaiwa. Dalali awepo pia, aisome hesabu hiyo kwa sauti mbele ya wote. Akimaliza, ndipo mjibu kama mnauza au hamuuzi.