Mlezi ateuliwe kabla ya matanga
Wazazi wakifariki, swali la nani atawalea watoto hujibiwa matangani, mara nyingi na mjomba mwenye sauti kubwa, au anayelimezea mate shamba. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inamruhusu mzazi kuteua mlezi kwa wosia au hati. Lakini wengi wetu huona kutaja kifo ni kukiita. Na mzazi mmoja akifariki, aliyesalia hapokonywi mtoto kwa sababu mlezi ameteuliwa. Mlezi hushirikiana naye, na wakikosana, mahakama huamua. Machifu na viongozi wa dini walizungumzie jambo hili barazani na ibadani. Na mlezi mwenyewe aulizwe kwanza: si haki shangazi ajue ameteuliwa siku wakili anaposoma wosia.