Akiba Haiozi: Funzo Kutoka Witwatersrand

Wahenga walilonga kuwa akiba haiozi. Kauli hii inadhihirika katika historia ya shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Shirika hilo dogo liliasisiwa mwaka wa 1922. Mnamo 1935, chini ya uhariri wa Profesa Clement Doke, lilianza kutoa msururu wa vitabu vya fasihi katika lugha za Kiafrika. Kitabu cha kwanza kilikuwa Inkondlo kaZulu, diwani ya B. W. Vilakazi kwa Kizulu. Mwaka wa 1937 ilifuata tafsiri ya Kitswana ya Julius Caesar, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka wa 1963. Mfasiri wa Kitswana, Sol Plaatje, alikuwa ameaga dunia mwaka wa 1932 baada ya kuhangaika kutafuta fedha za kuchapishia kazi zake.

Je, mchapishaji aliyetanguliza faida angeipokea miswada kama hiyo? Ni shida. Hapo ndipo ulipo umuhimu wa shirika la chuo: kukihifadhi leo kile ambacho soko litakithamini kesho.

Hata hivyo, sifa hizo zina doa. Viti vya uhariri vilikaliwa na Wazungu. Vilakazi aliajiriwa chuoni humo mwaka wa 1935 kama msaidizi wa lugha tu, ilhali mwaka wa 1946 alikuja kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza nchini humo kutunukiwa shahada ya uzamifu. Kamusi ya Kizulu na Kiingereza aliyoiandaa na Doke ilitoka mwaka wa 1948. Yeye alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Vyuo vikuu vya Kenya vina nafuu ambayo Vilakazi hakuipata: wataalamu wa Kiswahili wanaweza kuandika, kuhariri na kuamua wenyewe. Basi kwa nini tasnifu nzuri za Kiswahili ziendelee kufunikwa na vumbi maktabani, na washairi chipukizi wasubiri hisani ya wachapishaji wanaotegemea vitabu vya shule? Haihitajiki mitambo mikubwa. Diwani moja kwa mwaka, iliyohaririwa kwa makini, yatosha kuwa mwanzo. Asiyeweka akiba leo asishangae wajukuu wakikuta ghala tupu.