Angkor haikuuawa na Wasiamu

Wapo wanaopenda historia ya njia ya mkato. Kwao habari ya Angkor, mji mkuu wa kale wa Wakhmer huko Kambodia, inaishia mwaka 1431: jeshi la Ayutthaya likavamia, likapora, mji ukafa. Sisi tunasema hapana! Mgonjwa yule alikuwa kitandani zamani.

Mfalme Yasovarman wa Kwanza alihamia hapo mwishoni mwa karne ya 9, na kazi yake ya maana haikuwa hekalu bali bwawa: urefu wa kilometa 7 na nusu, upana karibu 2. Waliomfuata wakajenga jingine kubwa zaidi upande wa magharibi. Mifereji ikagawa maji, mpunga ukakubali. Watafiti wanakadiria kwamba katika karne ya 13 mji na viunga vyake ulikuwa na watu 700,000 hadi 900,000. London ya siku zile ilikuwa cha mtoto.

Lakini jasho lilikuwa la nani? Jayavarman wa Saba, aliyeshika ufalme mwaka 1181, anasifiwa kwa hospitali 102, na sifa hiyo tunampa. Ila maandishi ya mwaka 1186 katika hekalu la Ta Prohm, alilojenga kwa heshima ya mama yake, yanataja watu karibu 80,000 waliopangiwa kulihudumia hekalu hilo moja. Piga hesabu mwenyewe, kijana. Hapo hujawagusa makabwela waliokokota mawe kutoka mlima Kulen.

Kisha mbingu zikageuka. Pete za miti mikongwe ya Vietnam zinaonyesha ukame wa miaka mingi katika karne ya 14 na mwanzo wa karne ya 15, ukikatizwa na mvua za kutisha. Mafuriko yakabomoa mifereji, na mtandao mkubwa namna ile kiungo kimoja kikikatika vingine vyote hulegea. Tope lililochimbuliwa kwenye handaki la Angkor Thom nalo linatoa ushahidi: shughuli za katikati ya mji zilianza kufifia mwanzoni mwa karne ya 14, miaka mia moja kabla ya uvamizi. Wakubwa hatimaye wakahamia kusini, upande wa Phnom Penh, kwenye mito na biashara ya meli.

Mwaka 1860 alifika Mfaransa Henri Mouhot, na baadaye Ulaya ikamshangilia kwa "kugundua" Angkor. Kugundua nini? Watawa wa Kibudha walikuwamo Angkor Wat, wakisali kama kawaida yao.