Mpira Usio na Karatasi



Sisi wa reli twajua ya kuwa behewa la mizigo lisilo na karatasi haliondoki stesheni. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria ya namna hiyo. Mpira wa miti, pamoja na kahawa, kakao na mbao, usiingie kwao mpaka ijulikane umetoka shamba gani, na kwamba hapakufyekwa msitu hapo baada ya tarehe 31 Desemba 2020.

Sheria hii ni njema, maana msitu ukiisha haununuliwi dukani. Lakini mzigo wake abebe nani?

Mpira mwingi wa dunia watoka kwa wakulima wadogo, kama wa Thailand na Indonesia. Mkulima hugema utomvu, humwuzia mchuuzi, naye huuchanganya na wa majirani. Ukifika kiwandani, hapana awezaye kuutenga. Basi mkulima asiyeandikiwa shamba lake katika ramani atakataliwa, hata kama hakukata mti hata mmoja.

Sheria imekwisha ahirishwa mara mbili, na makampuni makubwa yamepewa mpaka tarehe 30 Desemba 2026. Twasema, muda huo wautumie kulipia upimaji wa mashamba. Mwenye faida ya tairi ndiye alipe gharama ya karatasi.

Nasi tusilale. Kahawa yetu imo katika sheria iyo hiyo. Ndugu wenye mikahawa nyumbani, ulizeni katika ushirika wenu: shamba letu limepimwa? Ramani yake anayo nani?