Risala ya wakazi wa Dodoma kwa Waziri wa Katiba na Sheria kuhusu mashtaka yanayojengwa juu ya sauti zilizorekodiwa kwa siri

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tuliosimama mbele yako ni madalali wa viwanja, waliowahi kuwa wenyeviti na watendaji wa mitaa, na ndugu wa watu walioko mahabusu katika gereza la Isanga. Tunatoka Nzuguni, Nala, Iyumbu na Kizota, na wachache wamekuja kutoka Kondoa na Bahi. Hatukuunganishwa na biashara wala chama. Kila mmoja wetu, au mtu wa nyumbani kwake, amewahi kusikilizishwa sauti yake mwenyewe kutoka kwenye simu ya mtu mwingine na kuambiwa: "Haya, kana sasa."

Hatukuja kuwaombea wala rushwa. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) ikavunjwa Mei 2017 na Manispaa ikawa Jiji Aprili 2018, shamba lililokuwa likilimwa uwele limepata bei ya kugombanisha ndugu wa tumbo moja. Penye bei hiyo hongo haikosi, na wako wenzetu ambao kwa kweli wana kesi za kujibu. Wajibu. Ila wajibu ushahidi unaoweza kuhojiwa.

Mheshimiwa, mwenzetu mmoja alisikilizishwa sauti yake ikisema, "Leta hiyo hela kesho asubuhi, nitamalizana nao." Sauti ni yake, hajawahi kuikataa. Maneno aliyotangulia kusema, kwamba fedha ni za mpima ardhi na risiti itatoka, hayakuwemo. Alipouliza iko wapi simu iliyorekodi, akajibiwa kwamba ilishauzwa. Kilichobaki ni klipu iliyotoka kwa mlalamikaji kwenda kwa shemeji yake kwa WhatsApp, kutoka kwa shemeji kwenda kwenye flashi, na kutoka kwenye flashi kwenda kwenye CD yenye maandishi ya kalamu. Upelelezi haujakamilika mpaka leo. Mtaani kwake hukumu ilishatoka siku ile ile klipu ilipoingia kwenye kundi la mtaa.

Tunajua sheria ilivyo, kwa sababu tumelazimika kuijua. (Tutatumia namba za vifungu zilizozoeleka kabla ya Toleo la 2023 kupanga upya sheria zetu.) Kifungu cha 40A cha Sheria ya Ushahidi, kilichoingizwa na marekebisho ya 2007, kinasema katika shauri la jinai rekodi ya sauti au picha ya matendo, mwenendo au mazungumzo ya mshtakiwa itapokelewa. Wapelelezi wengi wanakisoma kana kwamba kimemaliza kila kitu. Hakijamaliza. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama iangalie rekodi ilitengenezwaje, ilitunzwaje, na aliyeianzisha alitambuliwaje. Na kifungu cha 169 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai kinasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja sheria usipokelewe, isipokuwa mahakama iridhike kwamba kuupokea kutaufaa umma bila kuumiza haki za mtu isivyostahili. Mzigo wa kuiridhisha ni wa anayeuleta. Juu ya yote ipo Katiba, ibara ya 16, inayolinda faragha ya mtu na mawasiliano yake.

Kwa hiyo hatuombi mbingu mpya. Hapa hapa Dodoma Mahakama ya Rufani iliamua rufaa ya Paulo Maduka na wenzake, namba 110 ya 2007, na tangu hapo mawakili nchi nzima wanaitaja kila kielelezo kinapopita mikono mingi: ionekane kwa maandishi nani alikichukua, akampa nani, kikakaa wapi, mpaka kikafika mahakamani. Fedha za mtego wa rushwa huandikwa namba, noti kwa noti. Bunduki hujaziwa hati ya ukamataji. Sauti, ambayo kijana yeyote mwenye simu ya mkononi anaweza kuikata na kuiunga, inaletwa kama mzigo wa basi usio na tiketi, na mshtakiwa ndiye anayeambiwa athibitishe kwamba imechezewa.

Tunaomba pia Wizara itofautishe mambo mawili ambayo sheria zetu zimeyaacha yakichanganyika. Mtu anayerekodi mazungumzo yake mwenyewe na anayemwomba rushwa si sawa na mtu wa tatu anayenasa mawasiliano ya watu wawili wasiomjua. Huyu wa kwanza tunamtetea, hata kama sisi ndio tunaoumia. Dodoma ni mji wa vyuo. Binti aliyeitwa ofisini jioni kuhusu matokeo yake, akawasha simu ndani ya mkoba, hana shahidi mwingine duniani, na kosa la rushwa ya ngono lililomo katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 lingebaki karatasini bila simu ile. Wala hatuoni ubaya kwamba Oktoba 2017 wabunge Godbless Lema na Joshua Nassari walipeleka kwa taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, picha walizosema zilirekodiwa kwa siri kuhusu madiwani kushawishiwa kuhama chama. Waliopeleka walijitaja, wakaweza kuulizwa.

Huyu wa pili ndiye tunayemwogopa. Julai 2019 zilisambaa sauti za simu za viongozi wa chama tawala wakimzungumzia Rais. Nchi nzima ilisikiliza. Septemba ile Rais John Magufuli akatangaza kwamba amewasamehe January Makamba na William Ngeleja walioomba radhi, na Nape Nnauye naye akaenda Ikulu akasamehewa. Tulijadili sana walichosema. Nani aliingia kwenye simu zao, na kwa kibali gani, halikupata hata robo ya mjadala huo, ingawa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inasema kunasa mawasiliano bila mamlaka ni kosa. Na ilipofika Septemba 2024, gazeti la The Guardian la Uingereza likaandika kuhusu madai yaliyowasilishwa katika baraza la ajira jijini London, kwamba kampuni ya simu iliipa Serikali taarifa za simu na mahali alipokuwa mbunge Tundu Lissu kabla hajapigwa risasi hapa Area D tarehe 7 Septemba 2017. Kama wakubwa yanawakuta hayo, mwenyekiti wa mtaa wa Nala ajifiche wapi?

Lipo na hili la vitisho, ambalo halifiki mahakamani kwa sababu waathirika wanalipa. Mtu anakupigia, anakuvuta kwa maneno mpaka useme jambo, kisha anakutumia kipande na kiasi anachotaka. Wengine wetu tumelipa. Na kwa wazee wetu wanaozungumza Cigogo au Kirangi ndiyo balaa zaidi, maana tafsiri inaandikwa na yeyote aliyekuwepo kituoni, na mzee anasomewa Kiswahili ambacho hakukisema.

Mheshimiwa, madai yetu ni haya. Simu halisi iliyorekodi ikamatwe siku malalamiko yanapopokelewa, ijaziwe hati, na mazungumzo yote yaletwe, yasiwe kipande. Ikiwa simu haipo, upande wa mashtaka ueleze kwa ushahidi ilikokwenda kabla ya klipu kuchezwa mbele ya hakimu. Aliyerekodi apande kizimbani ahojiwe na wakili wetu. Tusiletewe afisa aliyekabidhiwa CD tu. Mshtakiwa apewe nakala mapema, na asiye na uwezo apatiwe mtaalamu wa kupima sauti kwa gharama za Serikali, la sivyo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 itabaki kutupa wakili asiye na cha kuuliza. Tafsiri ya lugha za makabila ifanywe na mkalimani aliyeapishwa. Na pingamizi likiwekwa, kesi ndogo ya kuamua kama ushahidi upokelewe isikilizwe kwa uzito ule ule tulioushuhudia 2021 katika shauri la kiongozi wa upinzani Freeman Mbowe na wenzake, ambako kupokelewa kwa maelezo ya mshtakiwa mmoja kulibishaniwa kwa siku nyingi.

Sauti iliyonaswa na mtu asiyekuwa sehemu ya mazungumzo, bila amri ya mahakama, isipokelewe kabisa. Hapa tunataka sheria iondoe hiari ya hakimu. Kenya, kupitia ibara ya 50(4) ya Katiba yao ya 2010, imeamuru ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki uondolewe ikiwa kuupokea kutaharibu usawa wa kesi. Sisi tunaomba zaidi ya hapo kidogo, kwa sababu anayenasa simu za watu hajikwai, amekusudia.

Tunaomba majibu ya maandishi, na kifungu cha 40A kipelekwe Bungeni kurekebishwa. Kutoka Mji wa Serikali, Mtumba, mpaka ukumbi wa Bunge si safari ndefu.

Tunaomba kuwasilisha.