Twiga mweupe kapata umaarufu, hirola je?

Machi 2020, twiga weupe wa Ishaqbini, kaunti ya Garissa, walizagaa tena mitandaoni, safari hii kwa habari ya msiba. Jike na mtoto wake walikuwa wameuawa na majangili. Akabaki dume mmoja, na Novemba mwaka huo akafungwa kifaa cha GPS ili afuatiliwe. Dunia nzima ilijua. Haya, mara ya mwisho kuona mtu akiposti hirola ilikuwa lini?

Twiga yule, tuseme ukweli, ni twiga kama wenzake. Tofauti ni rangi. Hirola ni habari nyingine kabisa. Huyu ni swala mwenye tezi kubwa karibu na macho, unaweza kudhani ana macho manne, na ndiye pekee aliyesalia katika jenasi yake, Beatragus. Akitoweka, hana ndugu wa karibu wa kuachia nafasi.

Kwao ni Garissa na ng'ambo ya mpaka wa Somalia, mbali na wachache waliohamishiwa Tsavo Mashariki mwaka 1963 na 1996. (Ile ya 1996 wenyeji waliipinga hadi kortini. Mnyama wetu, mnampeleka wapi?) Miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa zaidi ya 10,000. Leo hawafiki 500.

Sotoka iliwapiga miaka ya 1980, ukame nao ukafuata. Ila kuna sababu ambayo wengi hawaifikirii: ndovu. Ndovu huangusha miti, na pale palipobaki wazi nyasi huota. Majangili walipowamaliza ndovu kwa ajili ya pembe, vichaka vikatanda. Hirola hula nyasi, majani ya miti si chakula chake. Na ng'ombe je? Naye ni nyasi hizo hizo. Kwa hiyo mfugaji wa Ijara na hirola wanalia kilio kimoja, na ile hadithi kwamba mifugo na wanyamapori lazima wawe maadui mimi siinunui.

Mwaka 2012 jamii ya Ishaqbini ilizungushia uzio eneo la hifadhi, wakaingizwa hirola 48, na tangu hapo wameongezeka zaidi ya maradufu. Uzio huzuia simba na fisi. Lakini wanaozaliwa humo wanatarajiwa kutolewa nje siku moja, ndiyo maana Hirola Conservation Programme inapanda nyasi pamoja na wenyeji, huko huko ng'ombe wanakolisha.